Mannheim mpaka Stelvio kwa dizeli ya 1992: safari ya polepole ya wapenda magari

Habari za siku wakuu. Tumerudi wiki iliyopita toka Stelvio, barabara ya juu ya milima kule Italia, nimekaa na picha pamoja na noti nilizokuwa naandika kwenye simu kila jioni, nikaona nizipange vizuri niziweke hapa, maana najua wako wengi wanaoishi huku Ulaya au wanaokuja kutembelea ndugu, wanapenda magari kufa, na wakifika wanaishia kupelekwa kwenye maduka ya nguo.

Tulikuwa wawili, mimi ninayeishi Mannheim, Ujerumani, na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, fundi wa Mercedes kule Tanga miaka mingi, alikuja kututembelea mwezi wa tisa. Gari ni Mercedes W124 wagoni, 250 dizeli, silinda tano, haina tabo, ya mwaka 1992. Kwa kuwa imepita miaka 30 na ina hali nzuri ina namba yenye herufi H, yaani gari la kihistoria, na hiyo inasaidia sana Ujerumani kwa sababu unaingia kwenye miji yenye masharti ya moshi bila stika ya kijani.

Makubaliano yetu toka mwanzo yalikuwa hatuendeshi zaidi ya saa nne kwa siku. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililofanya safari iwe tamu. Watu wanapanga Paris leo, Milan kesho, Monaco keshokutwa, wanarudi nyumbani wamechoka na hawakumbuki kitu. Mpenda gari anahitaji muda wa kusimama, wa kuinama chini ya gari la mtu, wa kuongea na mzee aliyelipaki pembeni.

Jumamosi: Mannheim – Wiesloch – Sinsheim – Stuttgart

Mannheim ndipo Karl Benz alipotengeneza gari lake la magurudumu matatu, hati yake ya uvumbuzi ni ya 1886. Lakini aliyeonyesha dunia kwamba kile kitu kinafaa kwa safari ni mkewe, Bertha. Agosti 1888 alichukua wanawe wawili wa kiume akaendesha mpaka Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita 100, mafuta yakamwishia njiani akaingia duka la dawa Wiesloch akanunua ligroini, dawa ya kuondolea madoa kwenye nguo. Jengo la lile duka la dawa bado lipo na nje kuna mnara wa kumbukumbu. Shemeji alisimama pale muda mrefu. Nikamweleza kwamba bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia, na breki za mbao zilipoisha akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Shemeji akasema, "Shem, huyu mama alikuwa fundi kamili, tena fundi wa barabarani."

Toka hapo Sinsheim ni karibu tu. Makumbusho ya ufundi pale utayaona toka barabara kuu kabla hujauliza mtu, maana juu ya paa kuna Concorde na Tupolev Tu-144, ndege mbili za abiria zilizokuwa zinapita kasi ya sauti, na zote mbili unapanda unaingia ndani. Chini ni magari na matrekta na injini, kumbi hata miguu inauma. Tulikula chipsi na soseji ya kuku tuliyobeba kwenye kikapu, tukaingia Stuttgart jioni. Tulifikia kwa familia moja ya Wakenya tunaofahamiana, dada wa watu alikuwa ameshasonga ugali na samaki wa kupaka, hatukulipia malazi siku mbili na akatufungia maandazi ya njiani. Mungu ambariki.

Jumapili: Stuttgart

Mpange Jumapili kwa makumbusho kwa sababu maduka Ujerumani yamefungwa, na Jumatatu makumbusho ya Mercedes na ya Porsche yote mawili hufungwa. Wengi wanafika Jumatatu wanapiga picha geti.

Ya Mercedes yalifunguliwa 2006. Unapandishwa na lifti mpaka juu kabisa, unaanza na 1886, halafu unashuka kwa kuzunguka miaka yote mpaka leo. Usiende kwa haraka, sisi tuliingia asubuhi tukatoka saa tisa alasiri. Kuna 300 SL ile ya milango inayofunguka juu, na kuna habari ya 300 SLR Uhlenhaut, mbili tu duniani, moja iliuzwa 2022 kwa yuro milioni 135. Shemeji lakini alikuwa anatafuta kitu kingine, gari za kazi, mabasi na malori yenye pua, zile zilizojenga nchi zetu. Alipoyaona alianza kunionyesha kwa kidole bila kugusa, hii ilikuwa inapanda Lushoto, hii ilikuwa inabeba mkonge.

Na wengi hawajui kwamba Mercedes walishinda Safari Rally mwaka 1959, 1960 na 1961, enzi ambazo mashindano yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari la kawaida la familia, limepigwa tope mpaka kwenye paa.

Baada ya hapo tukaenda Zuffenhausen kwenye makumbusho ya Porsche. Magari hubadilishwa badilishwa pale, kwa hiyo usiweke moyo kwenye gari moja, ila sisi tulimkuta 911 SC ya Safari ya 1978, nyeupe yenye mistari ya mdhamini wao Martini, imeinuliwa juu, na vyuma mbele vya kukinga. Vic Preston mdogo alimaliza wa pili nayo na Björn Waldegård wa nne. Porsche hawajawahi kushinda Safari, mpaka leo. Nimezaliwa Arusha, na baba alikuwa anatupeleka barabarani kuangalia rali inapita, vumbi lilikuwa linakaa angani dakika nzima gari likishaondoka, kwa hiyo kuliona gari la namna ile limesafishwa liko kwenye sakafu nyeupe nilipata hisia ambazo siwezi kuzieleza vizuri.

Jumatatu: Schwarzwald mpaka Mulhouse

Badala ya barabara kuu tulipita Baden-Baden tukashika B500, barabara ya juu ya milima ya Msitu Mweusi, yaani Schwarzwald, mpaka Freudenstadt. Ina kona laini, misonobari pande zote, na ziwa dogo la Mummelsee pa kunywa kahawa. Siku ya kazi haina magari mengi, wikiendi imejaa pikipiki. W124 yetu ilikwenda kilomita 70 kwa saa bila kelele, na ndio mwendo wake.

Tukavuka Rhine kuingia Ufaransa. Chumba Mulhouse yuro 68 kwa wawili, paking bure.

Jumanne: ndugu wawili na magari waliyoficha

Kama una nafasi ya makumbusho moja tu Ulaya nzima, mimi nakwambia nenda Mulhouse. Hans na Fritz Schlumpf walikuwa wenye viwanda vya nguo, na Fritz alikuwa ananunua magari kimya kimya, hasa Bugatti, anayafungia kwenye kiwanda cha sufu. Biashara ikaanguka, wafanyakazi wakabaki bila kazi, na mwaka 1977 wakaingia kwa nguvu wakakuta mamia ya magari yamepangwa chini ya taa za mtaani zilizonakiliwa toka daraja la Alexandre III la Paris. Ndugu wenyewe walikuwa wameshakimbilia Uswisi. Serikali ikazuia mkusanyiko usitawanywe na 1982 makumbusho yakafunguliwa rasmi. Ukitembea mle unawaza vitu viwili kwa pamoja, uzuri wa magari na jasho la waliokuwa wanaendesha mashine za sufu, na naona ni vizuri kuwaza vyote viwili.

Bugatti Royale zilitengenezwa sita tu, na mbili ziko hapo. Injini yake ni lita 12.7, silinda nane. Shemeji aliinama kuangalia ekseli ya mbele ya Bugatti ndogo ya mashindano, ile ekseli ni tupu ndani kama bomba na imeng'arishwa mpaka unaona meno yako, na springi zinapita katikati ya tundu la mraba lililokatwa ndani ya ekseli yenyewe. Akaangalia pande zote mbili akaniita. "Njoo uone kazi ya mtu." Hakuna weldi. Tulikaa kwenye lile tundu dogo nadhani robo saa, mlinzi akaja kuona tunafanya nini, alipoelewa akatoa tochi yake akatumulikia.

Jumatano: Sochaux, halafu Uswisi

Chini ya saa moja toka Mulhouse kuna Sochaux, nyumbani kwa Peugeot, na makumbusho yao yako hapo. Hii ni lazima kwa Mwafrika Mashariki yeyote. Waliokuwa wanasafiri Arusha kwenda Namanga miaka ile wanakumbuka 504 wagoni za abiria, watu wamebanana mpaka nyuma na mizigo juu. Ndani kuna misumeno, mashine za kusagia kahawa na baiskeli, maana Peugeot walianza na vyuma vya nyumbani, na ule simba ulikuwa alama ya misumeno kabla ya kuwa ya gari. Halafu unafika kwenye 404 na 504. 404 ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ya 1966 na 1967 aliendesha Bert Shankland aliyekuwa anaishi Tanzania. 504 ikashinda 1975 na 1978. Nilimweleza dada wa mapokezi kwa Kifaransa changu cha kuokoteza kwamba nyumbani kuna 504 pikapu bado zinabeba ndizi, akaita wenzake wawili waje wasikie.

Kisha tukaingia Uswisi. Stika ya barabara kuu ni franki 40, hakuna ya siku chache, ila siku hizi unaweza kununua ya kielektroniki kwa simu. Dizeli Uswisi ni ghali kuliko Ujerumani kwa hiyo tulijaza tenki kabla. Na mwendo, jamani, heshimuni vibao, faini zao zinaumiza kweli. Tukalala kwenye hema kambini Innertkirchen, franki 40 na kitu, tukapika sembe tuliyotoka nayo duka la Kiafrika la Mannheim pamoja na maharage ya kopo. Kula hotelini Uswisi kila siku kutakumalizia bajeti yote.

Alhamisi: Grimsel, Furka, Gotthard

Hii siku ya njia tatu za juu ya milima tuliendesha kilomita chache lakini tulitumia saa nyingi. Grimsel inapanda mpaka mita 2,164, mabwawa ya umeme ya rangi ya kijivu na mawe matupu. Unashuka Gletsch, mbele yako unaona ukuta mzima wa Furka na barabara imechorwa juu yake, halafu unaanza kupanda tena mpaka zaidi ya mita 2,400. Njiani kuna ile hoteli ya Belvédère kwenye kona, imefungwa miaka sasa, na nyuma yake barafu ya Rhône ambayo zamani ilishuka mpaka bondeni. Sasa wanaifunika kwa mablanketi meupe isiyeyuke haraka. Mto Rhône unaanzia hapo.

Mambo mawili ya kujua. Ukiona kibao cha bluu chenye tarumbeta ya njano maana yake ni barabara ya basi la posta, dereva wa basi ndiye anayeamua nani arudi nyuma, mtii. Utamsikia kabla ya kumwona, honi yake ina sauti tatu. Pili, kushuka tumia gia ileile ambayo ungepandia, usikae kwenye breki. Tulikuta familia imesimama chini ya Furka matairi yanatoa moshi, shemeji akawaambia kwa ishara wasimwagie maji diski za moto, wasubiri, tukawapa maandazi wakasubiri nayo.

Gotthard tulishukia Tremola, barabara ya zamani ya mawe ya kuchonga upande wa kusini, kona 24 zimerundikana. Magari mengi yanapita tonelini au barabara mpya, kwa hiyo sisi tulikuwa karibu peke yetu, na mtetemo wa mawe kwenye stelingi nausikia mpaka sasa. Tukalala Airolo.

Ijumaa mpaka Jumapili: Modena

Airolo mpaka Modena ni barabara kuu, Milan ina foleni, hakuna cha kuandika. Italia unachukua tiketi ukiingia na kulipa ukitoka, usiingie njia ya njano ya Telepass, ni ya wenye kifaa cha kulipia. Kwenye vituo vya mafuta "servito" ni kuhudumiwa na bei iko juu, "self" unajaza mwenyewe. Na katikati ya miji kuna maeneo ya ZTL, yaani yanayozuia magari, yenye kamera, ukiingia bila kibali faini inakufuata nyumbani baada ya miezi. Paki nje ya mji wa kale utembee.

Kwa Waislamu, shemeji ni mtu wa swala tano kwa hiyo tuliuliza kila mahali: mikate ya kukaanga ya Modena, gnocco fritto, mara nyingi inakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na piadina pia hukandwa nayo. Tulijilia tortelloni za jibini na spinachi, na samaki.

Maranello kwa Ferrari kulikuwa kumejaa, ni pazuri, lakini kilichotukaa moyoni ni shamba moja nje ya Modena linalotengeneza jibini la Parmigiano. Aliyekuwa mwenyewe, marehemu Umberto Panini, wa familia ya zile stika za wachezaji mpira, alinunua Maserati za kihistoria 1996 zilipokuwa zimeshapelekwa London kupigwa mnada, ili zibaki Modena. Unaweka miadi mapema, kiingilio hatukulipa. Unapita banda la ng'ombe, harufu ya maziwa na nyasi kavu, unafungua mlango, unakutana na Tipo 61 "Birdcage", ambayo chasi yake ni mabomba membamba karibu 200 yamechomelewa. Tulinunua kipande cha jibini yuro 14.

Jumapili tulipumzika, kufua na kulala.

Jumatatu: mpira wa rejeta

Bolzano, Merano, halafu bonde la Vinschgau, matofaa kila upande na ndio walikuwa wanavuna. Karibu na Silandro shemeji akafungua dirisha akanusa. "Shem, kulanti." Yaani maji ya kupozea injini. Mimi sijanusa kitu. Dakika moja baadaye mshale wa temperecha ukapita 100. Tukaingia kwenye njia ya shamba, tukazima, tukafungua boneti ya W124 ambayo inasimama wima kabisa, mvuke ukatoka. Mpira wa juu wa rejeta umepasuka palepale chini ya klipu.

Mzee mmoja kwenye trekta ndogo yenye makreti ya matofaa akasimama. Huko wanaongea Kijerumani kwa hiyo nikaweza kumweleza. Hakusema mengi, akaondoka, akarudi na madumu mawili ya maji, klipu mpya tatu za saizi tofauti, na mkate na jibini umefungwa kwenye kitambaa. Shemeji akasubiri injini ipoe, akakata sentimita mbili za mpira ulioharibika kwa kisu, akauvuta ukarudi mahali pake, akabana. Mzee alikuwa anaangalia mikono tu. Akatikisa kichwa, akasema "sauber", yaani safi, akampa mkono shemeji kabla ya kunipa mimi.

Akatuelekeza gereji moja Prato, mji ulio chini ya Stelvio. Mwenye gereji aliangalia kazi akasema itafika ila haitapanda Stelvio, akapiga simu Merano, akaagiza mpira mpya kwa asubuhi. Chumba jirani yuro 45 kila mtu na chai.

Jumanne: Stelvio

Mpira ulikuja mapema, yuro 34. Mwenye gereji akamwachia shemeji sakafu, taa na spana zake, akaendelea na kazi yake. Wale wawili hawana lugha hata moja ya pamoja, lakini shemeji akinyoosha mkono spana ya 10 inawekwa. Walipomaliza kutoa hewa kwenye mfumo wa maji nikauliza deni, akasema mpira tu. Nikasisitiza, akakataa, akataka kujua kama ni kweli Tanga kuna W123, zile Mercedes za kabla ya W124, zinazofanya kazi bado. Tulimwonyesha picha.

Barabara ya Stelvio ilijengwa kati ya 1820 na 1825, mhandisi Carlo Donegani. Upande wa Prato una kona 48, zimeandikwa namba kwenye mawe na zinahesabiwa kurudi nyuma, unaanza 48 unamaliza 1 juu mita 2,757. Tuliondoka asubuhi kabla ya pikipiki kujaa. Kona ni kali kiasi kwamba wagoni yetu ilichukua njia yote, kwa hiyo unaangalia juu kwanza kama kuna mtu anashuka, ndio unaingia. Gia ya pili, wakati mwingine ya kwanza. Waendesha baiskeli wengi sana, wapeni nafasi, wanafanya kazi kubwa kuliko sisi. Temperecha ilikaa 90 mpaka juu. Shemeji aliendesha kona zote, sikumwomba zamu.

Jumatano: kurudi

Reschen, ule mnara wa kanisa unaotokeza katikati ya ziwa, Austria kwa stika ya siku chache, Fernpass yenye foleni, Ulm, nyumbani usiku. Hii ndiyo siku pekee tuliyovunja saa nne.

Gharama yote kwa wawili ilikaribia yuro 1,500: karibu kilomita 2,000, dizeli kama 265, malazi ndiyo makubwa, mengine chakula, tiketi na barabara. Visa ya Schengen yuro 90 na bima ya safari inayofunika angalau yuro 30,000, shemeji alilipa kivyake. Alibeba leseni ya nyumbani pamoja na ya kimataifa, na niliiandikia kampuni ya bima kumwongeza kama dereva kabla hajagusa stelingi, usiruke hilo. Milima ya juu kwa kawaida inafunguliwa kuanzia mwishoni mwa Mei au Juni na theluji inaifunga Oktoba au Novemba, angalia hali ya kila njia usiku uliotangulia. Septemba katikati ya wiki ndiyo ningeenda tena. Na kama gari lako ni la zamani badilisha mipira yote ya maji kabla ya kuondoka, ya juu, ya chini na ile midogo ya hita, kwa sisi seti nzima isingezidi yuro 80.